Mlio unafuata nini? Jinsi ninavyotafuta chanzo cha kelele kwenye gari la umeme

Mama mmoja aliniletea gari lake la umeme likiwa limeshabadilishwa beringi mbili za magurudumu ya nyuma kwenye gereji nyingine, na bado lilikuwa linavuma. Alikuwa amechoka kabisa. "Fundi, sitaki kununua kifaa kingine. Nataka kujua kinacholia ni nini."

Nikamwomba aendeshe, mimi nikakaa pembeni. Kwenye lami kuukuu yenye kokoto zilizochomoza, mvumo ulijaa ndani ya gari. Tulipoingia kwenye kipande cha lami mpya, ukapungua zaidi ya nusu. Tukageuza, tukarudi kwenye lami ya zamani, mvumo nao ukarudi. Beringi haijui lami mpya wala ya zamani. Tuliposimama nikapitisha kiganja juu ya tairi ya nyuma: kwenda mbele ilikuwa laini, kurudi nyuma ikanikwaruza kama meno ya msumeno. Tairi zilikuwa zimelika kwa ngazi, kila kipande cha mpira kimeisha upande mmoja tu. Gari la umeme ni zito na mota yake inavuta kwa nguvu tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, kwa hiyo tairi zake huisha mapema, hasa kama hazihamishwi nafasi kwa wakati.

Tangu siku ile kila gari linalolia nalianza na swali moja: mlio huu unafuata nini? Unaweza kufuata mwendo wa gari, nguvu ya mota, barabara, au usifuate chochote. Ukishajua unafuata nini, umeshaondoa zaidi ya nusu ya washukiwa kabla hujashika spana.

Kwenye gari la mafuta injini inafunika mengi. Beringi iliyoanza kuchoka inaweza kuimba miezi mingi chini ya ngurumo ya injini bila mtu kuisikia. Kwenye gari la umeme pazia hilo halipo, na meno ya gia, pampu ya maji, tairi na hata upepo wa kioo cha pembeni vyote vinasikika. Wenye magari wanashtuka, nasi mafundi tunakimbilia kubadilisha kitu.

Sauti ambazo si ugonjwa

Kuna sauti ambazo gari limeumbwa nazo. Unapoliwasha au kulizima utasikia "ta!" moja au mbili kutoka kwenye betri: hizo ni swichi kubwa za umeme zinazofunga na kufungua njia. Pampu ya maji inaweza kuvuma kwa dakika kadhaa hata gari limeegeshwa. Kompresa ya kiyoyozi hunguruma wakati wa kuchaji kwa kasi kwa sababu inapoza betri. Pampu ya breki hujaza presha kwa mlio mfupi ukifungua mlango au ukikanyaga breki.

Kisha kuna sauti ya kuwaonya waenda kwa miguu, inayotoka kwenye spika iliyo nje ya gari. Kanuni namba 138 ya Umoja wa Mataifa inaitaka isikike tangu gari linapoanza kwenda hadi kilomita 20 kwa saa, na pia linaporudi nyuma. Marekani wanaitaka hadi kama kilomita 30 kwa saa. Nimeshaletewa magari yenye "giaboksi inayolia kwenye rivasi" ambayo tatizo lake lilikuwa hiyo spika tu. Mlio ukianza mara tu gari linapoanza kwenda, ukapotea ghafla kwenye mwendo uleule kila siku, simama nje karibu na bampa usikilize gari likipita polepole.

Anza na mwenye gari

Muulize mlio ulianza lini, na nini kilifanyika kabla yake. Tairi zilibadilishwa? Springi zilipandishwa au kushushwa? Gari lilivutwa huku magurudumu yanayovuta yakiwa chini? Lilipita kwenye maji mengi? Mlio upo asubuhi gari likiwa la baridi, au unakuja baada ya safari ndefu? Kisha mwambie auigize kwa mdomo. Wengi huona haya, lakini mtu akikwambia "nziii" na mwingine akakwambia "ngu-ngu-ngu", umeshapata vitu viwili tofauti kabisa. Mimi huandika neno lake kwenye daftari kama alivyolitamka, na sikubali kuandika "mlio wa giaboksi" kwa sababu hilo tayari ni jibu.

Safari ya kwanza aendeshe yeye. Anajua ni kona gani na ni mkanyago gani unaouleta.

Barabarani

Zima redio, zima kiyoyozi na feni, funga vioo vyote, toa kila kitu kinachocheza kwenye buti na mifuko ya milango. Angalia upepo wa tairi. Tafuta barabara iliyonyooka, tambarare, isiyo na magari.

Fika kilomita 60 kwa saa, kisha jaribu hali tatu kwenye mwendo huohuo. Kwanza kanyaga pedali, mota ivute. Pili achia pedali, mota irudishe umeme kwenye betri na kulizuia gari. Tatu weka nyutro, gari liteleze lenyewe. Kwenye nyutro breki ya mota haipo, kwa hiyo mguu uwe tayari kwenye pedali ya breki, na kamwe usizime gari likiwa linakwenda. Jaribio hili nalifanya kati ya kilomita 40 na 70 kwa saa tu. Mwendo ukiwa mkubwa, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa kuzungusha mota) ya baadhi ya magari huendelea kupitisha umeme kwenye mota hata kwenye nyutro, na hapo matokeo yanakuchanganya.

Mlio ukibaki vilevile katika hali zote tatu, nguvu ya mota haihusiki. Washukiwa ni tairi, beringi za magurudumu, na beringi za ndani ya mota na giaboksi, maana hizo zinazunguka tu hata mota isipovuta. Mlio ukifa papo hapo ukiweka nyutro, unatokana na sumaku za mota zinazovutana na stata (sehemu ya mota isiyozunguka), au na meno ya gia yanayobeba mzigo.

Sikiliza kwa makini zaidi tofauti kati ya kuvuta na kuzuia. Jino la gia lina nyuso mbili. Mota ikivuta, uso mmoja unabeba. Mota ikizuia, unabeba uso wa pili. Mlio unaotokea wakati wa kuvuta peke yake, na kunyamaza kabisa wakati wa kuzuia, unanipeleka kwenye uso mmoja wa meno: umechubuka, au gia imesogea kwa sababu beringi inayoishikilia imelegea. Mlio wa beringi mbovu kwa kawaida haujali upande. Utaongezeka au kupungua kidogo, lakini hauondoki.

Ukishamaliza hapo, yumbisha gari taratibu kushoto na kulia kwenye mwendo uleule, mahali penye nafasi. Gari likipinda kushoto uzito unahamia kulia, na beringi ya gurudumu la kulia kama imechoka kwa kawaida itavuma zaidi. Tairi nazo hubadilika kidogo kwenye kona, ndiyo maana jaribio la lami mbili lazima lifanyike pia. Usitegemee jaribio moja.

Simu na hesabu ndogo

Sikio ni zuri kutambua mabadiliko, lakini ni dhaifu kutaja chanzo. Siku hizi naweka kwenye simu programu inayochora sauti kama picha, muda ukienda upande mmoja na masafa ya mlio yakipanda upande mwingine. Zima kwanza kichujio cha kelele, maana simu nyingi hufuta mlio wa kudumu zikidhani ni usumbufu.

Chukua gari lenye tairi yenye mzingo wa mita 2. Kwa kilomita 60 kwa saa linasogea mita 16.7 kila sekunde, yaani gurudumu linazunguka mara 8.3 kwa sekunde. Giaboksi ya gari la umeme mara nyingi haibadilishi gia, ina mwendo mmoja tu, na mara nyingi mota inazunguka karibu mara 9 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Hapo mota inazunguka mara 75 kwa sekunde, au 4,500 kwa dakika. Kama gia ndogo iliyo kwenye shafti ya mota ina meno 23, meno hayo yanagusana na wenzake mara 1,725 kwa sekunde: mlio wake ni hezi 1,725. Gia ya mwisho inayozungusha difu (inayogawa nguvu kwa gurudumu la kushoto na la kulia) ikiwa na meno 75, inaimba kwenye hezi 625. Mota yenye jozi nne za ncha za sumaku na mifereji 48 kwenye stata hupenda kulia mara 24 na mara 48 kwa kila mzunguko, yaani hezi 1,800 na 3,600.

Tazama 1,725 na 1,800. Gia na sumaku, zote mbili zinapanda pamoja na mwendo, zote mbili zinakufa ukiweka nyutro, na kwa sikio ni mluzi uleule. Kwenye picha ni mistari miwili iliyoachana. Kosa moja hapo linaweza kumfanya mtu anunue mota nzima wakati kilichoharibika ni gia, au kinyume chake. Idadi ya meno utaipata kwenye kitabu cha ufundi cha gari husika. Ukiikosa, rekodi gari la aina ileile lisilo na tatizo kwenye barabara ileile, ulinganishe.

Inveta inajitambulisha yenyewe. Inakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na mlio wake mwembamba kama wa mbu haupandi na mwendo. Kwenye picha ni mstari uliolala huku mingine ikipanda. Unaweza kuruka ngazi ghafla gari linapoondoka, kwa sababu programu ya gari inabadilisha kasi ya kukata umeme. Kama upo tangu gari likiwa jipya, uache.

"Tik" na "ko"

Milio ya kugonga ina utaratibu wake, na hapa swali ni: inajirudia mara ngapi?

"Tik" moja unapotoka rivasi kwenda mbele, kisha kimya hadi utakapogeuza tena upande, kwa kawaida ni bega la ekseli linaloteleza kwenye uso wa beringi ya habu (kitovu cha gurudumu). Mota ya umeme inageuza nguvu kutoka kuvuta kwenda kuzuia mara nyingi mno katika safari moja, na chuma hizo mbili zikiwa kavu zinang'ang'aniana kisha kuachiana ghafla. Toa nati ya ekseli, isukume ekseli nyuma kidogo, utaona alama zinazong'aa pale zilipokuwa zinasuguana. Safisha, paka grisi inayopendekezwa na mtengenezaji, weka nati mpya na uikaze kwa kipimo chake. Usirudishe nati ya zamani.

"Tik-tik-tik" inayoongezeka kasi pamoja na gurudumu, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, ni jointi ya CV ya nje, yaani kiungo cha ekseli kinachojikunja karibu na gurudumu. Tazama mpira wake. Ukiwa umepasuka utakuta grisi imerushwa ndani ya rimu.

Jointi ya CV ya ndani, iliyo upande wa giaboksi, kwa kawaida haigongi. Inatetemesha. Kanyaga kwa nguvu kutoka mwendo mdogo, gari linatikisika upande kwa upande, ukiachia kidogo linatulia. Magari yaliyopandishwa juu yanaumwa zaidi kwa sababu ekseli inafanya kazi kwenye pembe kali. Kama gari linaweza kushushwa, lishushe ujaribu tena. Mtetemo ukipungua, umeshapata jibu.

"Ko" nzito moja kila nguvu inapogeuka huwa ni maunting ya mota (kishikizo chake cha raba) iliyochanika, au bushi ya subframu, fremu ndogo inayobeba mota. Kwenye gari la mafuta tulizoea kushika breki na kukanyaga mafuta tuone injini inavyoruka. Magari mengi ya umeme hukata nguvu ya mota ukikanyaga breki, kwa hiyo jaribio hilo halikuonyeshi kitu. Zima gari, tumia mtaimbo, sukuma mota mbele na nyuma huku unatazama raba.

Chini ya gari

Waya za rangi ya chungwa zinabeba umeme wa betri kubwa, karibu volti 400 au 800 kutegemea gari. Kusikiliza unaweza bila kuzigusa. Ukitaka kufungua chochote kilichounganishwa nazo, uwe umefundishwa kazi hiyo: zima gari, tenga betri ndogo, ondoa kitenganishi cha betri kubwa, subiri muda ulioandikwa na mtengenezaji, vaa glavu za volti 1,000, kisha pima uhakikishe hakuna umeme. Na ujue kwamba mota yenye sumaku ikizungushwa na magurudumu inazalisha umeme yenyewe, hata kama betri imetengwa.

Kwa beringi ya gurudumu sihitaji mashine. Gari likiwa juu, nashika springi kwa mkono mmoja kwa wepesi, kwa mwingine nazungusha tairi. Beringi nzima haikwambii kitu. Iliyochoka inatuma mkwaruzo mdogo hadi kwenye vidole, kama unashika chombo kilichojaa mchanga unaotembea. Linganisha na upande wa pili kabla hujasema neno.

Kwa mota na giaboksi naendesha gari likiwa kwenye lifti, magurudumu yote yanayovuta yakiwa huru, mtu mwenye akili timamu akiwa ndani na hakuna mtu karibu na tairi. Gurudumu moja likiwa huru peke yake, difu italizungusha mara mbili ya mwendo unaousoma, kwa hiyo usifanye hivyo. Weka stendi chini ya mikono ya sasipensheni ili ekseli zikae kwenye pembe yake ya barabarani. Zikining'inia, jointi za CV zitalia bila kosa. Kilomita 30 hadi 40 kwa saa zinatosha. Natumia fimbo ya chuma yenye vifaa vya masikio, au maikrofoni ndogo za kubana, na nagusa kava la aluminiamu tu: mwisho wa mota, katikati inapokutana na giaboksi, kisha pande mbili za difu. Rudia pointi zote mara mbili. Sauti husafiri kwenye aluminiamu, na pointi yenye kelele nyingi inaweza kuwa jirani wa mgonjwa.

Beringi iliyochomwa na umeme

Hili nalipa nafasi kwa sababu mafundi waliotoka kwenye magari ya mafuta, kama mimi, hatukulikuta huko.

Nilifungua mota moja iliyokuwa inavuma katika hali zote tatu, mvumo mzito wa kusaga uliopanda na mwendo. Oili ilikuwa safi. Hakukuwa na chuma iliyovunjika. Nilipokata pete ya nje ya beringi na kuiweka chini ya taa, njia ya gololi ilikuwa na mistari iliyopangana, myembamba, yenye nafasi sawa, kama migongo ya bati. Nikapitisha ukucha, ukapiga "trrr". Gololi zenyewe zilikuwa zimefifia, hazing'ai.

Hiyo si kazi ya mzigo. Inveta ikikata umeme, inaacha volti kwenye shafti ya mota. Volti hiyo inatafuta njia ya kwenda kwenye bodi, na njia iliyo karibu ni kupitia gololi. Utando wa mafuta unazuia hadi unashindwa, cheche ndogo inaruka, na kila cheche inachimba kishimo kisichoonekana kwa macho. Vishimo vinakuwa mistari, na mistari inakuwa mvumo.

Ukikuta migongo ya bati, usibadilishe beringi peke yake. Tafuta kwanza brashi au pete inayotakiwa kuupeleka umeme wa shafti kwenye bodi. Imekwisha? Imejaa mafuta? Waya wa bodi umelegea? Usiporekebisha hapo, beringi mpya itaharibika kama ile ya kwanza. Zipo beringi zenye gololi za kauri, ambazo hazipitishi umeme. Kama mtengenezaji anaruhusu, hizo ndizo ninazoweka. Na rota (sehemu ya mota inayozunguka) yenye sumaku za kudumu isitolewe kwa mikono mitupu: inavuta chuma kwa nguvu ya kuvunja vidole, na mwenye kifaa cha moyo asiikaribie.

Oili inasema kabla ya mota kufunguliwa

Wengine wanaambiwa oili ya giaboksi ya gari la umeme ni ya maisha yote. Mimi naimwaga nikisikia mlio wowote wa ndani. Mara nyingi ni lita moja au mbili tu, na hakuna kipimo cha bei nafuu zaidi. Uji wa kijivu laini kwenye sumaku ya bolti ya kumwagia oili ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si kawaida. Jino au beringi inamomonyoka, simamisha gari. Oili iliyokuwa kama maziwa imeingia maji, na kwenye mota zinazopozwa na maji hadi ndani ya rota, sili iliyochoka inaweza kuyapeleka kwenye beringi. Unapojaza, weka oili ileile iliyotajwa kwa gari hilo. Kwenye baadhi ya magari oili ya gia inagusa shaba ya mota, na oili isiyofaa inaweza kuharibu insulesheni yake.

Mwisho kabisa, baada ya kazi, narudi kwenye barabara ileile, mwendo uleule, upepo wa tairi uleule, na kurekodi upya hali zote tatu. Picha ya kabla na ya baada nampa mwenye gari aitunze kwenye simu yake. Akirudi mwakani akisema "fundi, naona limeanza tena", tunaanzia kwenye picha hizo.